Mama Tunu na Jiwe la Darajani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kwa usingizi. Paukwa!

Pakawa!

Kuna jambo limenishinda kulielewa hadi leo. Kwa nini watu wakimwona mwenzao anahangaika mbele ya macho yao, bado huliuliza jiwe kama kweli anahangaika? Jibu sina. Nina kisa tu.

Zamani, zamani za kale, kulikuwa na korongo refu, na juu yake daraja la kamba za magome. Siku moja Nyati alilipita mbio. Kamba zikakatika, pa! Nyati akaanguka, na Nyani akafiwa na mdogo wake aliyekuwa katikati ya daraja. Wanyama wakalisuka upya. Nyani, machozi hayajakauka, akaegesha gogo juu ya mwamba, ncha moja akaitwika jiwe.

"Atakayelizidi jiwe hili, havuki," akasema.

Hakuna aliyebisha. Nani angebishana na mfiwa?

Basi ng'ambo ya korongo aliolewa Tunu, binti wa Ngiri. Tunu alikuwa na mimba ya kwanza. Na desturi ya ngiri ni hii: binti akizaa mara ya kwanza, mama yake huingia shimoni kinyumenyume, akaziba mlango kwa mwili wake, baridi isiwafikie watoto. Si shangazi, si mama mkwe. Mama.

Mama Tunu akapanda gogo. Kwi! Upande wake ukashuka, tii.

"Umezidi," Nyani akasema.

"Kiasi gani, Bwana Nyani?"

"Gogo halisemi kiasi. Linasema umezidi."

"Mwanangu anazaa mvua za kwanza."

"Basi bado una siku. Punguza."

Akapunguza. Mizizi mitamu akaiacha. Akala majani makavu, mara moja kwa siku. Kila asubuhi mbio hadi kichuguu cha mbali na kurudi, mkia juu, tiki tiki tiki. Kisha akagaagaa topeni apoe, kama ngiri wote, na huyoo, mizanini.

Siku ya saba, gogo: tii.

Siku ya kumi na nne, gogo: tii.

"Huyu anakula kwa siri!" Tumbili akapiga kelele mtini. "Mama Tunu, tuonyeshe na sisi hilo shamba!"

Wakacheka. Naye akacheka kidogo, maana aliona asipocheka ataonekana mwizi. Moyoni alijiuliza: nimekula nini? Akahesabu majani. Akayahesabu tena.

Rafiki yake Kanga akamvuta kando. "Shoga, na hilo tope la mgongoni unalipima pia?"

Mama Tunu akaduwaa. Siku zote hizo!

"Na maji je? Njaa ikikubana unakunywa nusu ya dimbwi, halafu unapanda gogo."

Akajisugua kwenye mti, tope likadondoka mabonge mabonge. Akaenda bila kunywa. Siku ya ishirini na moja gogo likatikisika, kwi... likarudi, tii.

Kanga akamzunguka, akamkagua. "Tumbo limeingia. Lakini mapaja! Yamekaza kama shina la mkwaju. Mafuta yametoka, shoga, nyama imekaa mahali pake. Bwana Nyani, hebu mtazame basi!"

Nyani akalitazama gogo. "Gogo halijui mafuta wala nyama. Hata daraja halijui."

Mama Tunu akaenda zake. Tangu siku hiyo hakula tena. Mbio zikawa mwendo, mwendo ukawa kujikokota. Kichuguu kikawa mbali kila siku zaidi, ingawa hakikuhama.

Siku mawingu yalipokusanyika akapanda gogo. Kwi... kwii... jiwe likashuka!

Vigelegele! Tumbili akapiga kichwangomba. "Hongera, Mama Tunu! Umependeza!"

Akakanyaga daraja. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, magoti yakakunjika. Yale mapaja yalikuwa yamekwisha. Mvua ikaanza, pu, pu, pu. Ng'ambo Tunu akaita, "Mama!"

"Nakuja, mwanangu."

Sauti yake haikufika popote. Nyani akamburuta nyuma, akamlaza chini.

Tunu alizaa watoto wanne. Upepo ukaingia kwa mlango usiozibwa. Mvua ilipokatika, walikuwa watatu.

Mama Tunu hakulia mbele ya wanyama. Aliyesema ni Kanga.

"Bwana Nyani, jiwe hili ulilitoa wapi?"

"Lilikuwa karibu."

"Uliwahi kulipima na daraja?"

Nyani akaliendea gogo. Akalibeba jiwe, akalitua katikati ya daraja. Kimya. Akaleta la pili, kubwa kama hilo. Kimya. Akaleta la tatu. Daraja halikulia hata kwi. Nyani akaketi palepale kati ya mawe yake, akafunika uso.

Wanangu, nanyi wakubwa mliokaa na wanangu, shikeni hili. Mizani hupima uzito. Haipimi juhudi, haipimi afya, wala haijui mwili huo una kazi gani. Ukitaka kujua hali ya mtu, mtazame yeye, umuulize yeye.

Baraza likakata shauri: jiwe lile la kwanza, lililorudishwa penye gogo, litupwe korongoni. Nani atalitupa? Kila mmoja akatazama miguu yake. Wakangoja.

Mama Tunu akaanza kula. Akala mizizi mwezi mzima, hadi mwili wake wa zamani ukarudi, uleule uliokataliwa. Ndipo akaja mwambani. Hakumsalimu mtu. Akaliwekea jiwe bega, akasukuma. Likaenda. Hakungoja kulisikia likifika chini. Akavuka daraja, akaingia shimoni kwa Tunu kinyumenyume, akaziba mlango.

Hadithi yangu naitua hapo, penye mlango wa shimo.