Chungu cha Mrindoko

Zama zile milima ya Kivunde haijaona mfereji, watu wakilamba umande kama panzi, alitokea Mrindoko Pasua-Mwamba, aliyelelewa na mhunzi wa nyikani, asijue kwamba damu yake ilikuwa ya mlimani hukohuko.

Alivua shuka, akalichonga jabali mchana kutwa mpaka maji yakashuka mashambani. Pale chemchemi mzee Kirumbi, mwenye maji, alimzuia kwa mkuki na kumwita mbwa wa nyika. Mrindoko alimpiga dharuba moja tu, mzee akalala moja kwa moja. Watu wa Kivunde wakamlilia Kirumbi asubuhi, na jioni wakamtawaza aliyemuua, kwa kuwa mboga zilikwisha kumwagiliwa.

Kisha mfereji ukakauka. Mganga akatamka kuwa yupo aliyemwaga damu ya babaye, na maji yamemkataa. Mrindoko, aliyemwacha mhunzi, baba pekee aliyemjua, mzima akifua majembe, akapandwa na ghadhabu, akainua chungu cha laana.

“Aliyemuua baba yake asinywe maji ya mlima huu, wala asizikwe humu, hata akiwa mimi.”

Akakipasua. Na chungu cha laana hakiungwi.

Ndipo Nakijwa, mjane wa Kirumbi, alipomsogelea na kumgusa kovu la moto begani. Mwanawe wa kwanza, alisema, aliota meno ya juu kwanza. Wazee wakamhukumu kuwa ni kigego, atamuua babaye, atupwe gengeni. Yeye alimtia alama hiyo machoni pao, kisha kwa siri akampa mhunzi mpita njia.

Mrindoko akawageukia wazee. Wakaeleza kwamba kovu waliliona siku ile alipovua shuka, wakalitambua; kwamba baraza liliketi, likasikitika sana, likaazimia kuketi tena.

“Mlijua, wazee wangu?”

“Tulikuwa na kiu,” alijibu mkubwa wao.

“Mimi nilimuua nisiyemjua. Ninyi mmeniua mnanijua.”

Akapanda kuelekea chemchemi, midomo imempasuka, asiguse tone. Hakuonekana tena. Kesho yake maji yalishuka.

Hata leo Kivunde, mtoto akiota meno ya juu kwanza, huoshwa kwa maji ya mfereji, na wazee hutazama wamesimama. Na kila baraza huanza kwa kigae cha chungu kile kupitishwa mkono kwa mkono, kila mzee akiulizwa: “Unajua nini?” Wengi hukohoa kwanza. Hawapewi maji mpaka waseme.