Jiwe la Sifa la Mfalme Fisi

Kaeni niwaambie, na anayependa kujisifu akae mbele kabisa.

Katika milima ya Waluwi, zamani sana, palikuwa na kijiufalme kiitwacho Warpata, kidogo hata jogoo wake akiwika wanaoamka ni majirani. Mfalme wake alikuwa Fisi. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Fisi akakusanya shayiri ya raia wote, hata ya mbegu, akaifungia ghalani kwake.

"Nawatunzia," alisema. Kutunza gani! Alikuwa akiila peke yake, tumbo linamning'inia.

Wafalme wa huko walikuwa na desturi ya kuchonga sifa zao kwenye jiwe la langoni, na chini yake laana kwa atakayezipinga. Fisi naye akamwita Sungura, mchongaji.

"Chonga: Mimi Fisi, kipenzi cha Mungu wa Mvua, nimejaza maghala. Raia wangu wanalala wameshiba."

"Wameshiba, mtukufu?"

"Chonga!"

"Haya. Na laana? Wenzako waliweka hafifu. Mkubwa kama wewe aweke nzito."

Fisi akavimba kichwa. "Atakayesema maneno haya ni uongo, avuliwe ufalme, avute mkokoteni!"

Sungura akachonga kwa furaha, na mpumbavu yule akadhani ni heshima.

Haukupita muda akaja Simba, mfalme wa dola kubwa ng'ambo ya mto, kudai kodi. Fisi akajitupa chini akilia.

"Baba, ukame umetumaliza! Ghalani hamna hata punje. Chukua watoto wa huyu Mbuzi, raia wangu, badala yake."

Mbuzi akawakumbatia wanawe. "Jamani, sina wengine!"

"Mtukufu Simba," Sungura akasema, "kabla hujawachukua, soma jiwe la mfalme wetu."

Simba akasoma lote, kwa sauti. "Fisi, kumbe maghala yamejaa?"

"Hayo... hayo ni maneno ya jiwe tu, baba."

"Kwa hiyo ni uongo?"

Fisi akaitazama laana, akalitazama ghala. Uroho ukamshinda. "Uongo mtupu!"

"Umejihukumu mwenyewe," Simba akanguruma. Hakuwa na huruma, ila kiburi chake hakikuvumilia kudanganywa. Akamvua Fisi taji, akalivunja ghala ajionee. Shayiri ikamwagika hadi njiani. Akachukua kodi yake, nyingine ikarudi kwa wenyewe.

Mkokoteni wa kodi aliuvuta Fisi. Alipofika langoni akihema, Mbuzi akamzuia njia, wanawe ubavuni, mbegu mgongoni.

"Mfalme wetu," akasema, "hebu tusomee tena pale pa kushiba."