Jamvi la Mize na Hesabu ya Bahari

Hapo kale maji yote ya chumvi yalikuwa bahari moja, na jina lake lilikuwa Bahari, basi. Haikuwa na mashariki yake wala magharibi yake. Haikujaa wala kupwa. Ilikaa pale pale ufuoni kama mgeni aliyepewa kiti. Nanyi mnaobishana leo kama bahari ni nne, ni tano au ni saba, hebu shusheni sauti kidogo, mjue ubishi huo ulizaliwa katika nyumba gani.

Katika kisiwa cha Vumani palikuwa na desturi ngumu ya matanga. Mtu akifa, jamvi lilitandikwa, na nyumba ile haikuwasha jiko wala haikuozesha binti mpaka siku ya kulikunja. Siku hiyo mshika matanga wa mji alisimama mbele ya watu na kuuliza, "Amelala wapi?" Mwenye msiba alitaja jina la mahali na kuelekeza mkono: Kichangani, au Mikanjuni, au penginepo. Hapo jamvi likakunjwa, chungu kikabandikwa, watu wakala. Njia nyingine haikuwapo.

Sasa Mize alifiwa na mumewe, Shaame, aliyevuka kwenda kununua mtama ng'ambo akakutwa na tufani. Mbao za chombo zilirudi, yeye hakurudi. Siku ya kukunja jamvi ilipowadia, mshika matanga, Mwinyi Vuai, akauliza kama ilivyo ada.

"Amelala baharini," Mize akajibu.

"Baharini upande gani?"

Mize akainua mkono, na mkono ukakosa pa kuelekea. Ukigeuka huku ni maji, ukigeuka kule ni maji yale yale.

"Kila mahali si mahali, bibi," Mwinyi Vuai akasema, tena kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Siwezi kukunja jamvi juu ya maji yote."

Basi jamvi likabaki. Mize hakuwa wa kwanza. Zilikuwapo nyumba ambamo majamvi yalioza chini ya wanawake walioketi juu yake, wakapikiwa na majirani hadi wakazeeka. Lakini Mize alikuwa na binti, Mwanahija, ambaye posa yake ilikwisha pokewa, na upande wa mume walianza kutuma salamu fupi fupi. "Kijana wetu hatazeekea kwenye posa," walisema. Mwanahija hakulalamika hata neno, na kimya chake kilimchoma mama yake kuliko maneno.

Hata kabla ya msiba Mize hakuwa mtu wa kutulia. Sasa ndiyo kabisa. Akishika ukili kusuka, aliuacha mkeka haujafika upana wa kiganja. Akilala, alihama kitanda mpaka kukacha. Mwishowe alikusanya kamba za usumba wa nazi, akazifunga vibuyu vikavu, akaingia majini mpaka kifuani, akazungushia ua pale zilipookotwa zile mbao. "Hii ndiyo bahari ya Shaame," akatangaza. "Nyingine zote si yake."

Asubuhi ua ulikuwa umehama. Mkondo uliuchukua pole pole, vibuyu vikakutwa upande wa pili wa kisiwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mize anafuga bahari, nayo imevunja zizi!"

Hakuwajali. Akazunguka kisiwa kizima akionja maji, huku na huko, akitafuta mahali ambapo chumvi ya upande huu inakoma na ya upande ule inaanza. Alipata kiu, hakupata mpaka. Hasira zikampanda, akasimama ufuoni akapiga kelele.

"We Bahari! Unaanzia wapi, unaishia wapi?"

Bahari ikajibu bila haraka. "Sianzii, siishii. Mimi ni mmoja. Aliyeingia kwangu yuko kila mahali."

"Kila mahali si mahali!" Mize akafoka, kisha akajisikia mwenyewe akisema maneno ya Mwinyi Vuai. Akakaa chini mchangani akalia, maana aliona kwamba mzee yule hakumwonea.

Akarudi mjini kwa kukatiza mashamba, macho yakiwa chini. Mara akasikia, "Wee! Unanikanyagia muhogo wangu!" Alikuwa Mwinyi Vuai, jembe begani.

Mize akasimama. Akatazama nyuma alikotoka na mbele alikokuwa akienda. Udongo ulikuwa ule ule, na siafu walikuwa wakivuka bila kumwomba mtu ruhusa.

"Shamba lako limeanzia wapi, baba?"

"Hapo kwenye mti wa mbono. Nani asiyejua?"

"Na ardhi imekatika hapo?"

"Ardhi ikatike vipi? Tumekubaliana tu."

Mize hakungoja aseme zaidi. Alikimbia mjini, khanga ikimponyoka, akawaita wote wenye majamvi yasiyokunjwa. Walipokutana uwanjani aliwaambia kwamba maji hayatajigawa milele, na wao wasingoje yajigawe; wayape majina, wakubaliane, iwe kama mbono wa Mwinyi Vuai. Mwinyi Vuai akakuna kidevu, na kwa kuwa lilikuwa neno lake mwenyewe, hakuweza kulikataa.

Wakaanza. Maji yanakochomoza jua wakayaita Bahari ya Mawio. Yanakozama, Bahari ya Machweo. Ya juu wakayaita Bahari ya Kaskazini. "Zatosha," wanaume wakasema. "Hayo ya kusini ni mikia tu ya bahari nyingine."

Hapo akasimama bibi kizee, Mwanamkuu, ambaye jamvi lake lilibaki nyuzi tupu. "Mwanangu alikwenda kusini," akasema. "Mwanangu hakulala mkiani."

Wengine wakaongeza bahari moja papo hapo, wengine wakashikilia hesabu yao, na hawajapatana hadi leo. Lakini jamvi la Mwanamkuu lilikunjwa siku ile.

Zamu ya Mize ilipofika, Mwinyi Vuai akauliza, "Amelala wapi?"

"Bahari ya Mawio," akasema, na mkono wake ukaelekea huko. Hakujua kama ni kweli. Alichagua mawio kwa sababu Shaame hakuwahi kuacha jua limtangulie kuamka. Jiko likawashwa, na Mwanahija akaolewa.

Baada ya harusi Mize alipeleka jamvi kulifua upande wa machweo, ndiko karibu. Maji yakamgusa miguu, yakarudi, yakamgusa tena. Akatazama kulia na kushoto kama mwizi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nawe umefika huku, Shaame?"

Na tangu siku hiyo watu huhesabu bahari na hesabu zao hazilingani, kwa kuwa kila taifa lilianza kuhesabu kwenye jamvi lake. Nayo Bahari, iliposikia kwamba imekatwa vipande, ilishindwa kutulia. Kila siku hupanda ufuoni kutafuta ilipokatwa, haipaoni, ikarudi. Nasi twasema maji yamejaa, maji yamekupwa.