Mfarishi wa Mpagazi

Wapendwa, aliyekaa karibu na mlango aurudishe, maana leo nazungumzia baridi.

Kulikuwa na mpagazi mmoja, mtu wa kuwabebea wageni mizigo kupanda mlimani. Safari yake ya mwisho baridi ilimpiga kambini hadi akateremshwa kwa machela, meno yanagongana, vidole vya miguu havina habari naye. Kiongozi wa msafara akamwambia waziwazi: "Ukiugua tena, nafasi yako nampa mwingine." Na nyumbani kwake wanakula kwa mlima huohuo.

Blanketi zito hawezi kuliongeza juu ya mizigo ya wageni. Basi akaazima cherehani ya shemeji yake, akaamua kujishonea mfarishi, blanketi jepesi la kujazwa ndani. Kitambaa akapata cha miavuli iliyovunjika. Akaugawa vifuko vifuko: vya miguuni, vya kifuani, vya mabegani. Hapo ndipo akili ilipoanza kumruka. Ajaze nini, na wapi? Shemeji akasema sufi. Jirani akasema manyoya ya bata, hakuna kingine. Mpagazi mwenzake akasema, "Weka pamba miguuni, ndugu yangu. Mlimani mtu hufa kuanzia miguuni." Naye, asiyependa kumuudhi mtu, akajaza vyote: manyoya kifuani, sufi mabegani, pamba miguuni.

Jioni akautandaza uani, juu ya kitanda cha kamba, aupime. Asubuhi na mapema akaingiza mkono. Miguuni baridi! Akafumua, akahamisha manyoya ya kifuani yakaenda miguuni. Kesho yake akaingiza mkono tena: miguuni baridi vilevile, na kifuani ndiyo usiseme. Akafumua tena. Manyoya yanapepea uani, kuku wa jirani wanamtazama. Maskini, alichanganyikiwa kweli. Ninyi mngefanyaje? Mngeongeza pamba, si ndiyo? Naye akaongeza, akaongeza, mpaka mfarishi ukawa mzito kuliko lile blanketi alilolikimbia. Safari imekaribia, na bado ndani mna baridi. Akakaa chini, machozi yanamlengalenga.

Mkewe akatoka na kikombe cha chai, akamtazama.

"Baba Aika, kwani humo alilala nani?"

"Alale nani? Si napima kama unatoa joto."

"Utoe joto? Kwani pamba ina jiko ndani, mume wangu? Hebu ingia wewe."

Akaingia, viatu na vyote, uso umemshuka kwa aibu. Chai haijapoa, jasho linamtoka. Akaitoa ile pamba yote aliyoiongeza, akapanda mlima na mfarishi wake, akashuka kwa miguu yake mwenyewe.

Mmecheka. Chekeni vizuri, maana sasa ni zamu yetu.

Kuna bibi yetu mgonjwa, yule anayekaa peke yake nyuma ya kanisa hapa. Tumemkalia vikao. Tulipeleka mchele, wengine wakasema bora ungekuwa unga. Tukambadilishia godoro. Tukapeleka blanketi, halafu jingine. Juzi tukasikia bado analalamika baridi, tukabaki tunatazamana. Mtu amefunikwa vile, baridi gani tena? Na mpaka naingia humu ndani, kuna waliokuwa wanachangishana blanketi la tatu.

Nawauliza, wala msinijibu kwa sauti. Katika safari zote hizo, nani kati yetu aliingia akakaa? Nani alivua viatu? Sisi tuliingiza mkono tu, tukaweka mzigo, tukatoka. Halafu tunashangaa mle ndani kuna baridi!

Inaniuma, jamani, na iwaume na ninyi.

Hilo blanketi la tatu liacheni dukani. Tukimaliza hapa mimi nakwenda kwake mikono mitupu, nikae mpaka chai ipoe. Nimeambiwa ana kiti kimoja tu. Wengine njooni na viti vyenu.