Siku Chui Alipotafuna Buni

Hapo zamani za kale, wanangu, Chui alikuwa hajajua hofu ni kitu gani. Siku moja alituma salamu kwa Kindi, kwamba kesho yake angefika kumchukua binti yake, Kokubanza, akamsaidie kazi za nyumbani. Watoto wanne wa majirani walikwisha kwenda kumsaidia. Hakuna aliyerudi, na nyumba ya Chui bado ilikuwa chafu.

Kindi aliumia sana moyoni. Akaitazama mibuni, ile miti ya kahawa, iliyozunguka nyumba yake. Mbuni haukimbii wala haung'ati, ila umetia ndani ya mbegu zake dawa chungu ya kuwatesa wadudu wanaozila. Kindi mwenyewe aliwahi kuzila kwa pupa, akatetemeka mpaka jioni.

Asubuhi Chui akaingia, tii! tii! Kwa desturi ya huko, mgeni hasemi shida yake kabla hajatafuna buni, mbegu za miti ile. Wengi hutosheka na tatu. Kindi akamweleza kwa upole kwamba Nyati, siku alipokuja, alitafuna kumi.

"Lete arobaini," akasema Chui.

Akatafuna, karu, karu, zote. Kindi naye akaanza kumjulia hali: mama mzazi, mashangazi, wajomba, mashamba ya wajomba. Hakuwa na haraka, maana dawa ile huchelewa kidogo kuingia mwilini. Alipofika kwa mashemeji, mkia wa Chui ukaanza kutikisika wenyewe. Akaomba ruhusa ya kwenda haja ndogo. Akarudi. Akaenda tena.

"Kindi, moyo wangu unapiga du-du-du. Mikono inatetemeka. Ni nini hiki?"

Kindi akamshika mkono, akasikiliza mapigo. "Pole, mzee. Wale watoto wanne walipokuona, walikuwaje?"

Chui akafikiri. "Walitetemeka. Mioyo iliwadunda. Walijikojolea."

"Basi ugonjwa wako ni huo huo. Unaitwa hofu."

"Hofu ya nini? Humu ndani yumo nani?"

"Mimi na Kokubanza tu," akajibu Kindi. "Nimwite?"

"Usimwite!"

Chui akatoka bila kuaga, fyuu! Siku mbili hakupata usingizi, na hakukanyaga tena mahali palipo na mbuni.

Kokubanza akatokea jikoni, akauliza mgeni yuko wapi. Baba yake akamwambia amepata udhuru, kisha akamkumbatia kwa muda mrefu.

Hadithi yangu imekomea hapo, na funzo lake ni hili: usitafune cha watu kwa sifa.