Koja la Alamelu

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba kusini mwa Bara Hindi palikuwa na hekalu kongwe la Wahindu, na humo akihudumu mjane aitwaye Alamelu. Msinikodolee macho, jamaa zangu. Dini yao si yetu, lakini ukweli haukuumbiwa watu wa msikiti mmoja.

Kazi ya Alamelu ilikuwa kutunga koja la asumini, linalovikwa sanamu kila asubuhi. Sharti lake lilikuwa gumu: asiyanuse maua. Harufu ya kwanza ni ya mungu wao, na mtu akimtangulia, koja limenajisika. Ndiyo maana watungaji walijifunga kitambaa puani na kinywani. Tena palikuwa na hekaya kwamba hapo kale malkia mmoja alinusa koja kwa siri, nalo likaporomoka kutoka shingoni mwa sanamu, watu wote wakiona.

Asubuhi moja alikuwa akitunga kando ya kitanda cha bintiye Ponni, aliyekuwa taabani kwa homa, hata kusema hasemi. Koja la siku hiyo alilinuia liwe dua ya mwanawe. Ghafla binti akafumbua macho, akaita, "Amma, uko wapi?" Mama wa watu, kwa furaha, akavuta kitambaa apate kumwitikia, na harufu ya maua yaliyokuwa mapajani ikamjaa kifuani.

Lahaula! Alinusa, au alivuta pumzi tu? Mwenyewe hakujua. Maua mengine hayakuwapo, na watu walikwisha kukusanyika hekaluni. Akalipeleka vivyo hivyo.

Kuhani Seshadri, mzee mnyenyekevu, akalipokea na kulivika. Alamelu akalitazama bila kupepesa. Halikuanguka.

Hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa. Je, amesamehewa? Au hekaya ni maneno tu? Akinyamaza, kazi yake imesalimika na dua ya mwanawe imepokewa. Akisema, huenda akaivunja dua hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Akashika nguzo, akaiachia, akaishika tena. Mwishowe akapaza sauti akilia:

"Baba kuhani, livue! Harufu yake imeniingia mimi kwanza. Sijui kama nilinusa au nilipumua tu, lakini imeniingia."

Watu wakachachamaa. "Mfukuze! Ametunajisia hekalu!" Mwingine akahoji, "Sasa mbona halikuanguka?" Likawa zogo, kila mtu na lake.

Seshadri naye alipigwa na butwaa. Alilitazama koja, akamtazama mwanamke, akarudi kwenye koja. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Sijui, jamani. Nimevika makoja tangu ujana wangu, hakuna hata moja lililoanguka, nami nikadhani yote yalikuwa safi. Leo sijui tena. Koja ninalojua habari yake kwa hakika ni hili moja, kwa sababu aliyelitunga mwenyewe kaniambia." Akalivua, akamgeukia Alamelu. "Kesho tunga wewe, mama. Akiniletea mwingine, nitajuaje kama ni safi?"

Ponni alipona, na kwa sababu ipi, Mola ndiye ajuaye. Mimi kisa hiki hunitatiza kila nikikisimulia. Maana swala zetu za kujionyesha, ndugu zangu, nazo haziporomoki mbele ya watu. Tusidanganyike na hilo.