Nani Atamshika Mtoto

Majani yalikuwa hayajaota juu ya kaburi la mumewe wakati Bibi Aldiza aliposikia farasi uani. Kabaila Gontrani, jirani mwenye askari wengi, aliingia ukumbini na viatu vyake vya matope.

“Kesho nakuoa. Ngome haikai bila mwanamume.”

“Mwanamume yupo,” alisema Aldiza, akimtikisa mwanawe mapajani.

“Huyo nitampeleka kwa watawa.”

Aldiza akainamisha kichwa. “Sawa, bwana. Ila hajabatizwa. Shemeji yangu Huberti ndiye atakayemshika kwenye maji na kumpa jina lake. Anasema wewe huwezi. Eti mikono yako imezoea upanga tu, utamwangusha.”

“Huberti amesema hivyo?”

“Mbele ya wapishi. Walicheka sana.”

“Basi nitamshika mimi! Na ataitwa Gontrani!”

“Usijisumbue, bwana...”

“Nimeshasema!”

Asubuhi kanisa lilijaa. Gontrani alimshika mtoto kwa uangalifu, akajibu kila swali la padri kwa sauti ya kutikisa paa. Kisha akamwita Aldiza asogee.

“Padri, usivue joho. Sasa tufungishe ndoa.”

Padri alishangaa. “Haiwezekani, bwana. Umekuwa baba wa ubatizo. Kanisa linakuhesabu ndugu wa mama yake, na ndugu hawaoani. Tena umeapa mbele ya watu wote kumlinda mtoto huyu.”

Gontrani alimgeukia Aldiza. Mama huyo alikuwa ameshampokea mtoto, akiupunga mkono wake mdogo.

“Muage baba yako wa ubatizo, mwanangu. Anarudi kwake.”